Uji wa Saa Nne

Mama Kikapu hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa akisimama mlangoni, anakohoa mara moja, kisha anaingia, kikapu mbele na yeye nyuma, na kabla hujamaliza kumkaribisha ameshakupita. Wanakwaya walikuwa wakitaniana kwamba aliyebatizwa ni kikapu, mwenyewe alikisindikiza tu. Kilikuwa kikapu kipana, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kudarizi, na tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio kilikuwa kikiingia nyumba ile kila siku, saa nne asubuhi, bila kukosa.

"Bwana asifiwe, Fundi."

"Amen, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa ameamkaje?"

"Hajambo. Nimempelekea uji sasa hivi."

"Umempelekea uji," akarudia Mama Kikapu, akamtupia jicho la pembeni, akaingia chumbani kwa mgonjwa, akafunga mlango.

Fundi akabaki na mguu juu ya pedali ya cherehani. Mlango ule haukuwa ukifungwa zamani. Mama mkwe wake, mama wa mumewe, alikuwa amelala chumba kile miezi sita sasa, tangu kiharusi kilipomchukua upande wa kushoto, na mgonjwa wa namna hiyo huachiwa mlango wazi ili akiita asikike. Halafu, kundi la kanisa la kutembelea wagonjwa na wazee lilikuwa na utaratibu wake na kila mtu aliujua: Alhamisi, watu wawili wawili, wimbo mmoja, sala moja, kwaherini. Huyu alikuja peke yake, kila siku ya Mungu, hakuimba, na sala yake haikusikika.

Kilichosikika ni minong'ono. Fundi alikuwa na kanzu ishirini na mbili za kwaya za kumaliza kabla ya Krismasi, rangi ya damu ya mzee na kola nyeupe, kwa hiyo cherehani haikupumzika. Ikinguruma, minong'ono ilimfikia kwa mbali, kama watu wanaoteta kwenye foleni. Akiinua mguu ili asikie vizuri, nao wananyamaza. Akikanyaga tena, wanaanza tena. Alijaribu hivyo siku tatu, akathibitisha kwamba haikuwa bahati mbaya. Mle ndani walikuwa wakiisikiliza mashine yake.

Baada ya nusu saa mlango ukafunguliwa.

"Amekula vizuri sana leo," Mama Kikapu akasema, akivuta lile neno "sana" utadhani analipima kwa futi. Akaondoka.

Fundi akaenda kuchukua bakuli. Lilikuwa tupu, safi kabisa. Mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta, mkono wake mzima umeshika ncha ya shuka.

"Uji ulikuwa mzuri, mama?"

"Mzuri."

"Nikuongezee?"

"Inatosha," mama akasema, na hakugeuka.

Siku hiyo Fundi alihesabu mashuka kwa mara ya pili wiki ile. Yalitimia. Akaangalia sabuni, taulo, khanga zilizokunjwa kwenye sanduku. Vyote vilikuwepo. Akainua godoro upande wa miguu, mahali mama alipoficha hati ya nyumba ndani ya bahasha ya kaki, maana nyumba ilikuwa ya mama na watu wa maombi wa siku hizi hawakosi kusikia habari za hati. Bahasha ilikuwa pale pale, na uzi wake haujaguswa. Kutoibiwa chochote kulimuudhi kuliko kama angeibiwa. Mwizi angalau unajua amefuata nini.

*

Sasa tuseme ukweli kuhusu uji ule, kwa sababu Fundi naye alikuwa na lake.

Mama aliporudi kutoka hospitali alipewa vidonge viwili vya presha vya kila asubuhi, kimoja cheupe na kimoja cha njano. Akavitema. Akapewa tena, akavificha chini ya ulimi kisha akavitema kwenye kitambaa. "Vidonge vya hospitali ndivyo vilivyommaliza baba yenu," akasema, na hakutaka mjadala. Walimbembeleza wiki nzima. Mwishowe mume wa Fundi, mtoto wa pekee wa mama yule, akaja na akili yake.

"Viponde," akamwambia mkewe jikoni. "Tia kwenye uji wa asubuhi. Ongeza sukari. Hatajua."

"Mama mtu mzima nimdanganye kama mtoto?"

"Unataka afe akiwa hajadanganywa?"

Kwa hiyo Fundi akawa anaponda. Kila asubuhi alivunja vidonge kwa mgongo wa kijiko, akakoroga unga wake ndani ya bakuli la bluu, akatia vijiko vitatu vya sukari. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na alifanya kwa siri, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yangeweza kugombana.

*

Muuguzi wa zahanati alipita katikati ya Desemba. Akafunga kitambaa cha kupimia presha kwenye mkono mzima wa mama, akabana, akasikiliza, akakunja uso, akabana tena.

"Mia tisini na nane," akasema. "Mwezi uliopita tulikuwa tumeshuka vizuri. Dawa anakunywa?"

"Kila siku," Fundi akajibu. "Nampa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nione pakiti."

Fundi akaleta. Muuguzi akahesabu matundu yaliyotobolewa, akahesabu tarehe kwa vidole. Hesabu ililingana. Akamtazama Fundi juu ya miwani.

"Kwamba vidonge vimetoka kwenye pakiti, hilo naliona. Kwamba vimeingia tumboni, hilo sijaliona."

Fundi akaipokea pakiti. Angeweza kusema palepale: ninavitia kwenye uji, na bakuli linarudi tupu. Lakini mama alikuwa macho, anawatazama mmoja baada ya mwingine, na akisikia habari za uji, huo ndio ungekuwa mwisho wa dawa. Akakusudia kumwambia muuguzi mlangoni. Mlangoni wakamkuta mwalimu wa kwaya amekuja kuulizia kanzu, anajipepea kwa daftari la nyimbo, masikio yamesimama. Fundi akameza maneno.

"Nitarudi siku mbili baada ya Krismasi," muuguzi akasema, na mwalimu akasikia yote. "Nikikuta hali hii hii, ataondoka na mimi kwenda kulazwa. Presha ya namna hii haina subira. Kiharusi cha pili hakibishi hodi."

Fundi akatazama njia ile aliyoondokea muuguzi, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Hakibishi hodi, akarudia moyoni, na kichwani ikamjia sura ya mtu mwingine asiyebisha hodi.

*

"Ni yule mama," akamwambia mumewe walipokaa mezani jioni.

Mumewe alikuwa karani wa ghala la saruji. Alirudi kila siku na nyusi nyeupe za vumbi, na alikuwa mpole kiasi kwamba hata wapagazi walimdanganya hesabu mbele ya macho yake. Akaendelea kutafuna.

"Mama yupi?"

"Mama Kikapu. Kabla hajaanza kuja kila siku presha ilikuwa inashuka. Ameanza kuja, imepanda. Anamwambia mama mambo. Wapo watu wa hivyo, wanamwambia mgonjwa aache dawa amwamini Mungu."

"Lakini mama hajui kama anakunywa dawa. Ataachaje asichokijua?"

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria.

"Basi anampa kitu kinachogombana na dawa. Mizizi. Mafuta ya maombi. Kikapu kina kitu, mume wangu. Kinafunikwa kama kina mtoto ndani."

"Muulize."

"Nimuulize vipi? Mama, umebeba nini humo? Kesho kutwa kanisa zima litasema namfukuza mgeni wa mama yako. Kaongee wewe na mchungaji."

"Nitaongea naye."

"Lini?"

"Jumapili."

Jumapili ilifika. Fundi alimwona mumewe anasogea kwa mchungaji baada ya ibada, anamshika mkono, wanacheka, wanaachana. Njiani akamuuliza wameongea nini. Wameongea habari za saruji ya ukuta wa kanisa, alisema mume, na haikuwa rahisi kuingiza mengine.

*

Siku mbili kabla ya Krismasi kola zote zilikuwa zimekwisha, zimebaki pindo. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa kwenye stuli anasubiri, kwa sababu alishaacha kuamini neno "kesho" la mafundi. Saa nne kikohozi kikasikika, kikapu kikapita, mlango ukafungwa.

Fundi akainuka polepole kwenye kiti.

"Mwalimu, njoo ukae hapa."

"Mimi? Mimi sijui kushona."

"Hushoni. Hakuna uzi. Kanyaga tu pedali, usiache. Nimeitia mafuta, yanatakiwa kuzunguka."

Mwalimu akakaa, magoti yakamgusa ubao, akaanza kukanyaga kwa mapigo ya wimbo. Cherehani ikanguruma. Fundi akavua ndala, akatoka mlango wa uani, akazunguka nyumba mpaka dirisha la mama. Pazia alikuwa ameliacha wazi kidole kimoja tangu asubuhi. Ndiyo, alikuwa amepanga.

Aliona kitambaa cha kudarizi kimekunjwa juu ya kitanda. Aliona Mama Kikapu ameshika bakuli lake la bluu, anamimina uji kwenye chupa ya glasi, anakwangua kwa kijiko mpaka tone la mwisho, anafunga kifuniko. Kisha akatoa chupa ya chai, akamimina uji mwingine ndani ya bakuli lile lile, mvuke ukapanda. Mama mkwe, ambaye kwa Fundi hula kama anayelipishwa kila kijiko, akafungua mdomo kabla hajafikiwa.

"Huu ndio uji," mama akasema.

Damu ikamchemka Fundi. Hakukumbuka alivyozunguka nyumba. Aliusukuma mlango wa chumba ukagonga ukuta.

"Weka chini hiyo chupa!"

Mama Kikapu hakutetemeka hata kidogo. Alimpangusa mgonjwa mdomo kwanza, ndipo akageuka.

"Usinipigie kelele. Kuna mgonjwa."

"Uji wangu unaupeleka wapi?"

"Kwa mchungaji."

"Mchungaji kwake hana uji?"

"Anao. Wa kwako ataupeleka kwa watu wanaojua kupima vitu."

"Kupima nini?"

Fundi akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, wapime nini?"

Mama alikuwa ameshageukia ukuta, na maneno aliyosema aliuambia ukuta.

"Zamani ulikuwa unaonja. Ukileta uji unaonja kwanza, unasema mama, ni wa moto, ngoja upoe. Siku hizi huonji. Unaweka, unatoka mbio. Na mchungu."

Ilikuwa kweli. Tangu alipoanza kutia vidonge aliacha kuonja, kwani nani anakunywa dawa ya mwenzake? Hakujua kama mtu aliyelala miezi sita akitazama mlango anaweza kuona jambo dogo kiasi hicho. Sebuleni cherehani ilikuwa bado inanguruma, ila mwalimu alikuwa amegeuza shingo yote, macho yamemtoka.

"Mnadhani mimi..." Neno lenyewe halikutoka. "Mimi?"

"Hatujadhani kitu," Mama Kikapu akasema, anafunika kikapu. "Nimekuja hapa Alhamisi moja nikakuta mgonjwa analia, ananiambia ameona mtu amempa mgongo jikoni anaponda kitu. Nikaanza kumletea uji kwangu. Hilo tu. Kesho mchungaji anakuja na Meza ya Bwana. Tutaongea mbele yake."

Akapita, kikapu mbele.

Angesema palepale, msomaji, nawe ungependa aseme. Lakini kila alilotaka kusema lilikuwa na sura ya mtu aliyeshikwa. Ni dawa tu. Nilimtilia bila yeye kujua. Niliambiwa nifanye hivyo. Ukiyapanga hayo maneno mbele ya watu waliokwisha kukuhukumu, kila moja linakuongezea kesi. Akarudi sebuleni, akamwondoa mwalimu kwenye kiti, akashona pindo ya kanzu mbili, zote mbili akazishona upande wa ndani nje.

Jioni alimwambia mumewe bila kuketi.

"Mama yako anaamini namtilia sumu. Wiki nne amelishwa uji wa mtu mwingine, na dawa yake imekuwa ikiondoka ndani ya chupa."

Mumewe akaweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alionekana ameamka.

"Nani alisema vipondwe?" Fundi akauliza.

"Mimi."

"Basi nenda kamwambie. Yuko chumba cha pili."

"Amesinzia. Mtu mwenye presha huwezi kumwamsha na habari kama hizo." Akajipangusa nyusi. "Kesho nitasema. Mbele ya mchungaji nitaeleza kila kitu. Mbele ya kanisa zima ukitaka."

"Sitaki kanisa zima. Nataka wewe."

"Nimesema nitasema."

*

Mkesha wa Krismasi, saa nne asubuhi, walikuja wanne: mchungaji na kisanduku chake cheusi cha vikombe vidogo, Mama Kikapu, na wazee wawili wa kundi, mume na mke, waliokuwa wametumwa kuimba na hawakujua wanaingia kwenye nini. Walijipanga kando ya kitanda. Chumba kilinuka sabuni na mafuta ya kuchua. Fundi alikuwa ametandika shuka jipya, akabandika nyota ya karatasi ya dhahabu ukutani, mahali mama alipopenda kugeukia. Uji wa asubuhi ulikuwa mezani ndani ya bakuli la bluu. Alikuwa ameutia vidonge kama siku zote. Alifikiri sana usiku kama atie au asitie, akaona kwamba siku atakayoacha ndiyo siku atakayokuwa na kosa.

Mumewe alisimama karibu na kabati, amevaa shati la Jumapili. Wakaimba wimbo wa kuzaliwa, mama akaimba nao kwa nusu ya mdomo, machozi yakamshuka upande mmoja tu.

Mchungaji yule alikuwa na swali lake ambalo hakulikuta kwenye kitabu chochote cha ibada. Kabla ya kumpa mgonjwa Meza ya Bwana nyumbani alimuuliza, na asiyejibu vizuri hakupewa mpaka amalize shauri lake.

"Mama, una neno na mtu yeyote wa nyumba hii? Kama unalo, wengine watupishe."

"Wasitoke," mama akasema. "Ninalo."

Wazee wawili wakatazamana. Mama Kikapu akaweka chupa ya glasi juu ya meza, kando ya bakuli. Uji wa jana ulikuwa umeumuka, kifuniko kimevimba.

"Mchungaji, mimi natamani kula Meza ya Bwana. Pengine hii ndiyo Krismasi yangu ya mwisho. Lakini siwezi kula nikiwa na hofu na mtu anayenilisha." Akainua mkono mzima, akaelekeza kwenye bakuli. "Ule pale ni wa leo. Mimi sitaki kesi wala kupima. Aanze yeye."

Fundi hakumtazama mama mkwe wala mchungaji. Alimtazama mumewe. Yule bwana akakohoa. Akafungua kinywa, Fundi akaona kabisa ulimi unanyanyuka, kisha mumewe akatazama viatu vyake, akaona uzi wa kiatu umelegea, akainama kuufunga.

Basi Fundi akajua yuko peke yake. Akalichukua bakuli. Hakuuonja uji, aliunywa wote kwa mikono miwili bila kupumua, mchungu na mtamu pamoja, mpaka akaona chini ya bakuli, akakwangua kwa kidole, akalamba. Akaliweka mezani. Wakamtazama kama wanaongoja aanguke.

"Ni dawa yako, mama," akasema. "Vidonge vyako vya presha, cheupe na cha njano. Ulivitema, tukaogopa utakufa, nikavitia kwenye uji. Nimekosa kukuficha. Lakini leo nimekunywa mimi dawa yako, na wewe mwezi mzima hujanywa."

Akatoka, akarudi na pakiti, akaiweka kwenye kiganja cha mama. Mama akaigeuza, akayapapasa matundu kwa kidole gumba, moja moja. Mama Kikapu alinyoosha mkono kuchukua chupa yake, akaurudisha, hakujua auweke wapi.

"Vilikuwa kwenye uji," mama akasema.

"Vilikuwa kwenye uji."

"Akili hiyo ni ya nani?"

Fundi akageuza macho kwa mumewe, aliyekuwa bado ameinama, na hakuna kiatu duniani kinachofungwa muda mrefu vile.

"Mwanangu," mama akaita. "Simama. Ulijua?"

Akasimama. "Nilijua, mama. Mimi ndiye niliyemwambia aviponde."

"Ulijua kilichomo."

"Ndiyo, mama."

"Na umemwacha anywe?"

Akajipangusa nyusi, lakini vumbi la saruji, ambalo halitoki vizuri hata siku ya Jumapili, lilimfanya aonekane mzee kuliko mama yake. Mke wa mzee wa kundi akavuta pumzi kwa sauti, mumewe akamkanyaga mguu.

Mchungaji akaona ni kazi yake kusema kitu. "Mama, sasa jambo limejulikana. Nikuulize tena. Una neno na mtu wa nyumba hii?"

"Na huyu, sina," mama akasema, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Yeye ndiye mwenye neno na mimi." Akamgeuzia mwanawe macho. "Na yule pale, ninalo."

"Basi, mama, kwa utaratibu wetu..."

"Utaratibu ngoja kidogo, mchungaji. Nipeni maji."

Fundi akaleta maji. Mama akamkabidhi pakiti. "Toa. Nione." Fundi akatoboa, akaviweka kiganjani mwake, cheupe na cha njano. Mama akavichukua kimoja kimoja, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza mbele na nyuma, akakinusa. Fundi akasubiri na kiganja wazi. Iliuma kuchunguzwa hivyo mbele ya watu baada ya yote, lakini alisubiri. Mama akameza cha kwanza, akameza cha pili, akafungua mdomo na kuinua ulimi ili kila mtu aone. Muuguzi angekuja siku mbili baada ya Krismasi, akute presha imeanza kusalimu amri, aseme vya namna ile havipondwi hata siku moja, humezwa vizima. Lakini hayo ni ya baadaye.

"Vichungu kweli," mama akasema. "Sasa nimemsamehe na yule. Endelea."

"Fundi," Mama Kikapu akaanza, sauti imeshuka mpaka chini, "mimi nilikuwa..."

"Ulimletea mgonjwa uji," Fundi akasema. "Asante. Chupa nitakuoshea." Hakusema zaidi. Moyoni hakuwa amefika huko bado, na hakutaka kujifanya amefika.

Mchungaji akafungua kisanduku, akaombea mkate na divai, akamega. Mama akala mkate wake. Kikombe kidogo kikajazwa, mchungaji akakipeleka mdomoni kwa mgonjwa, akamshika kidevu.

Mama akageuza uso.

"Aanze yeye," akasema.

Wote wakamtazama mama. Fundi akashika ukingo wa kitanda. Hata hiki, akawaza. Hata kikombe cha Bwana, kwa mikono ya mchungaji, bado ananishuku.

"Mnanitazama nini?" mama akasema. "Kile kichungu amekinywa yeye peke yake, na sisi wote tukimwangalia. Na hiki aanze yeye."

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. Ulimi wake ulikuwa bado una uchungu wa vidonge, na divai ilipopita ilimchoma koo, akalia waziwazi mbele za watu, kwa kelele, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa. Mkono mzima wa mama ukamshika kisogo, ukabaki pale. Kisha mama akanywa, wakanywa wazee wawili, akanywa Mama Kikapu, macho chini.

Mchungaji akamgeukia mtoto wa mama.

"Yeye wa mwisho," mama akasema. "Na kabla hajanywa, aende akaoshe lile bakuli."

Akaenda. Wakamngoja wote, kikombe kikiwa mkononi mwa mchungaji, hakuna aliyeanzisha wimbo, na kutoka jikoni wakamsikia akilisugua bakuli moja kwa muda mrefu sana.